Kupima Ukinzani wa Mbegu kwa Kasi ya Kuzaliana ya Vidukari: Mwongozo Kamili

Vidukari, wale wadudu wadogo wanaonyonya utomvu wa mimea, wakihesabiwa siku moja tu, mbegu dhaifu kwao na mbegu kinzani, yaani inayoweza kujitetea dhidi yao, huweza kuonekana sawa. Mche huu una kumi na ule una kumi. Mtu huandika "hakuna tofauti" na kufunga daftari. Wiki tatu baadaye anakuta mche mmoja majani yamejikunja, majimaji matamu yananata kila mahali na ukungu mweusi kama masizi umeshika, huku wa pili ungali unatoa maua. Tofauti ilikuwepo tangu siku ya kwanza, ila ilijificha ndani ya kasi ya kuzaa, mahali ambapo hesabu ya siku moja haifiki.

Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuipima kasi hiyo wewe mwenyewe, hatua kwa hatua, na namna ya kuitumia kuamua mbegu ipi ipandwe na dawa ipulizwe lini. Huhitaji maabara kubwa. Lenzi ya mkono inayokuza mara kumi, brashi laini ya kuchorea, vyungu, neti yenye matundu madogo sana, daftari na kikokotoo chenye kitufe cha ln (logi asilia) vinatosha. Kinachohitajika zaidi ni subira ya kutazama mimea kila siku, saa ileile, kwa muda wa wiki mbili hadi tatu.

Kwanza, mfahamu mdudu mwenyewe

Kidukari, ambaye wengine humwita mdudu mafuta, hunyonya utomvu kwa mrija mwembamba anaoupenyeza hadi kwenye mishipa inayosafirisha sukari ya mmea. Katika msimu wa kuongezeka, majike hawahitaji dume. Huzaa watoto hai, wote majike, na mtoto anapozaliwa tayari ana viinitete vinavyokua tumboni mwake. Yaani bibi, mama na mjukuu wanaishi katika mwili mmoja. Mtoto hujivua gamba mara nne, na katika joto la kama nyuzi 20 hadi 25 za Selsiasi spishi nyingi hufikia uzazi baada ya siku 7 hadi 10. Kisha jike huzaa watoto wachache kila siku.

Kwa sababu hiyo vidukari hawaongezeki kwa kujumlisha, huongezeka kwa kuzidisha. Haba na haba hujaza kibaba, na kwa mdudu huyu kibaba hujaa haraka. Upungufu mdogo wa kasi ambao jicho halingeuona katika kizazi kimoja huwa pengo kubwa baada ya vizazi vitatu. Hapo ndipo mbegu kinzani inapofanya kazi yake.

Njia tatu ambazo mmea hujitetea

Mwaka 1951 Reginald Painter, mtaalamu wa wadudu wa Marekani, aliugawa ukinzani wa mimea katika njia tatu, na mgawanyo huo bado unatumika. Usipozitenganisha, utapima kitu kimoja na kudhani umepima kingine.

Njia ya kwanza ni kukataliwa. Kidukari mwenye mabawa anatua, anaonja, hapendi, anaondoka. Huenda jani lina vinyweleo vizito, nta ya namna nyingine, au ladha isiyompendeza. Kuna aina ya kiazi mwitu, Solanum berthaultii, ambayo vinyweleo vyake hutoa gundi inayomnasa kidukari miguu. Njia hii hupunguza idadi ya wanaoanza maisha shambani.

Ya pili nitaiita kudumaza. Kidukari anabaki na kunyonya, lakini anakua polepole, anazaa wachache, au anakufa kabla ya kuzaa. Sababu yaweza kuwa kemikali ndani ya utomvu, kama DIMBOA inayopatikana kwenye ngano na mahindi, au jeni inayouwezesha mmea kumtambua mdudu na kumzuia kunyonya kwa utulivu. Jeni ya Vat ya tikiti hufanya hivyo dhidi ya kidukari wa pamba, na Mi-1.2 ya nyanya dhidi ya kidukari wa viazi. Njia hii ndiyo inayogusa kasi ya kuzaliana moja kwa moja, na ndiyo itakayochukua sehemu kubwa ya mwongozo huu.

Ya tatu ni uvumilivu. Vidukari wanazaliana kama kawaida, ila mmea unazaa vizuri licha yao. Uvumilivu haupunguzi mdudu hata mmoja. Shamba lenye mbegu vumilivu laweza kuwa chanzo cha vidukari kwa jirani, jambo ambalo watu husahau kulitaja wanaposifia mbegu.

Hatua ya 1: Chagua mbegu, na usisahau walinzi wawili

Jaribio lenye mbegu unazotaka kuzijua peke yake halina kipimo. Weka kila mara mbegu mbili za kulinganishia: moja inayojulikana kuwa dhaifu na moja inayojulikana kuwa kinzani kwa spishi hiyohiyo ya kidukari. Kwenye kunde, kwa mfano, TVu 3000 imetumika kwa miaka mingi kama mbegu kinzani ya kulinganishia dhidi ya Aphis craccivora, yule kidukari mweusi anayemeremeta. Ikiwa mbegu yako dhaifu imeonekana kinzani, jaribio lina kasoro: joto lilikuwa kali mno, mimea ilikauka, au wadudu walikuwa wagonjwa. Bila walinzi hawa wawili usingejua.

Nasisitiza "spishi hiyohiyo". Mbegu inayomdumaza kidukari mmoja yaweza kumlisha vizuri ndugu yake. Jeni ya Vat niliyoitaja haina msaada kwa kila kidukari anayetua kwenye tikiti. Kwa hiyo mtambue mdudu wako kabla ya yote: rangi, mmea anaoupenda, umbo la vijirija viwili vya nyuma ya tumbo, na urefu wa vipapasio.

Hatua ya 2: Andaa wadudu wa ukoo mmoja

Chukua jike mmoja aliyekomaa, mweke peke yake kwenye mche safi ndani ya neti, na uzao wake wote uwe ndio wadudu wako wa jaribio. Kwa kuwa huzaa bila dume, watakuwa wote wa damu moja, na tofauti utakazoziona zitatoka kwenye mbegu, si kwenye mchanganyiko wa wadudu. Baadaye, ukipata uwezo, rudia jaribio na ukoo wa pili uliookotwa mahali pengine. Utaona sababu tutakapofika kwenye vidukari wanaoivunja mbegu.

Wafuge kwenye mbegu isiyo miongoni mwa zile unazozipima, kwa vizazi viwili au vitatu. Hapa wengi hukosea. Kumbuka yale maisha matatu katika mwili mmoja: mtoto anayezaliwa leo alianza kuumbwa tumboni mwa mama yake wakati mama huyo hajazaliwa, kwa chakula alichokula bibi. Ukiwatoa wadudu kwenye mbegu dhaifu leo na kuanza kupima kesho, unapima shibe ya bibi.

Usiwaache wasongamane. Msongamano huwafanya wazae watoto wenye mabawa, na wenye mabawa huzaa wachache na kuchelewa. Mwanga nao uwe mrefu, kama saa 16 kwa siku, kwani spishi nyingi zikiona siku zimefupika huanza kutoa madume na majike wa kutaga mayai, na jaribio lako likaharibika kimyakimya.

Hatua ya 3: Otesha mimea iliyo sawa

Udongo mmoja, chungu cha ukubwa mmoja, maji kwa kipimo kimoja, na mimea yote iwe na umri mmoja wa majani. Naitroji ichungwe zaidi ya kitu kingine. Mmea ulioshiba naitroji huwa na utomvu wenye asidi amino nyingi, na vidukari kwa kawaida hustawi zaidi juu yake. Mbegu kinzani iliyojazwa mbolea huweza kuonekana dhaifu, na dhaifu yenye njaa ikaonekana kinzani.

Andaa angalau mimea 10 kwa kila mbegu. 20 ni bora. Ipange mezani kwa kupiga kura, usiweke mbegu moja upande wa dirishani na nyingine upande wa kivuli. Simamisha miguu ya meza ndani ya mabakuli ya maji ili sisimizi wasipande, maana wao huwachunga vidukari kwa ajili ya yale majimaji matamu na kuwabughudhi wadudu wanaowala. Funika kila mche kwa neti. Vipo pia vibanio vidogo vya kumfungia kidukari kwenye jani moja, lakini hubana jani na kulijeruhi. Nami napendelea neti ya mche mzima pale nafasi inaporuhusu.

Hatua ya 4: Fuata maisha ya kidukari mmoja mmoja

Hiki ndicho kiini cha kazi. Weka jike mmoja mzima kwenye kila mche. Baada ya saa 24 mwondoe, na waondoe watoto wote aliowazaa isipokuwa mmoja. Huyo mmoja ana umri unaojulikana, naye ndiye utakayemfuata.

Unapomhamisha kidukari usimvute. Akiwa ananyonya, mrija wake umezama ndani ya jani na waweza kukatika. Mguse taratibu nyuma ya tumbo kwa ncha ya brashi yenye unyevu hadi autoe mwenyewe na kuanza kutembea, ndipo umpokee. Nimeona jaribio zima lililotoa vifo vingi kwenye kila mbegu, na chanzo kilikuwa mkono wenye haraka.

Kila siku, saa ileile, andika mambo matatu: yu hai, amejivua gamba (utaona ngozi nyeupe tupu karibu naye, iondoe ili usiihesabu tena), na amezaa. Siku ya kwanza ya kuzaa ndiyo ya maana kuliko zote. Muda kutoka kuzaliwa kwake hadi siku hiyo tuuite d. Baada ya hapo endelea kumhesabia watoto kila siku na kuwaondoa, kwa muda ulio sawa na d. Kama alichukua siku 8 kufikia uzazi, hesabu watoto wa siku 8 zinazofuata. Jumla yao tuiite Md. Huna haja ya kumfuata hadi kufa, kwa sababu watoto wa mwanzo ndio wanaoamua kasi ya ukoo. Wale wa uzeeni huchangia kidogo sana.

Hatua ya 5: Kokotoa kasi

Mwaka 1977 Wyatt na White walitoa njia fupi ambayo hadi leo ni kipenzi cha wapimaji wa vidukari:

kasi (r) = 0.738 × ln(Md) ÷ d

Jibu ni kiwango cha kuongezeka kwa siku. Ukitaka kujua ukoo unachukua siku ngapi kuzidi maradufu, gawanya 0.693 kwa r.

Tuchukue mfano wa kukokotoa, namba zikiwa za mazoezi. Kwenye mbegu dhaifu kidukari alifikia uzazi kwa siku 7 na akazaa watoto 35 katika siku 7 zilizofuata. ln ya 35 ni 3.555; zidisha kwa 0.738, gawanya kwa 7, unapata 0.375. Idadi inazidi maradufu kila siku 1.85. Kwenye mbegu kinzani alichukua siku 9 na akazaa 20 katika siku 9. r ni 0.246, na maradufu huja baada ya siku 2.8.

Mtu akitazama 1.85 na 2.8 anaweza kusema tofauti ni siku moja tu. Sasa anza na vidukari 10 na uwaache siku 21. Kwenye mbegu dhaifu hesabu inafika 26,000 na zaidi. Kwenye kinzani ni kama 1,740. Mara 15. Mmea halisi hauwezi kubeba wote hao, ungekauka au wangeota mabawa wakahama kabla ya hapo, lakini hilo lenyewe linakuambia mbegu ipi itakauka kwanza.

Ipo hesabu nyingine ambayo ningependa kila mzalishaji wa mbegu aifanye kwa mkono wake walau mara moja. Rudi kwenye mbegu dhaifu, siku 7 na watoto 35, yaani 5 kwa siku. Punguza uzazi kwa nusu, usiguse kitu kingine: r inashuka hadi 0.302. Sasa rudisha uzazi wa watoto 5 kwa siku, ila mcheleweshe kukomaa kwa siku 2 tu: r inakuwa 0.312. Karibu sawa! Kuchelewa kwa siku mbili kunakaribia thamani ya kuua nusu ya watoto wote. Ndiyo maana mbegu ambayo vidukari wanaonekana hai na wazima juu yake, ila wanakawia kukomaa, isitupwe kwa sababu tu hakuna maiti. Kazi yake inafanyika polepole na mtu asiyeandika tarehe hataiona.

Waliokufa kabla ya kuzaa usiwafute kwenye daftari. Kokotoa sehemu iliyofikia uzazi na uizidishe kwa Md ya wastani. Ikiwa kati ya 20 ulioanza nao walifika 14, na waliofika walizaa wastani wa 20, basi Md ya kutumia ni 20 × 0.7, yaani 14. Kwa d ya siku 9 r inashuka kutoka 0.246 hadi 0.216. Anayewaacha nje wafu huionea mbegu yake mwenyewe, maana wafu hao ndio sehemu ya ushahidi wa ukinzani.

Kama huna muda wa kufuata mdudu mmoja mmoja, ipo njia ya mkato. Weka majike 5 wa umri mmoja kwa kila mche, funika kwa neti, hesabu wote baada ya siku 10 hadi 14. Kasi ni ln ya idadi ya mwisho kutoa ln ya idadi ya mwanzo, kisha gawanya kwa siku zilizopita. Njia hii haikuambii kama mbegu imepunguza uzazi, imechelewesha ukomavu au imeua, lakini inatosha kuchuja mbegu 30 hadi zibaki 5 za kupimwa kwa kina.

Hatua ya 6: Mpe mdudu uhuru wa kuchagua

Vipimo vya juu vilimfungia kidukari penye mmea mmoja. Shambani hafungwi. Panga mche mmoja wa kila mbegu katika duara, umbali sawa kutoka katikati, weka vidukari 50 hadi 100 katikati kwenye karatasi, funika kwa neti kubwa. Hesabu baada ya saa 24 na tena baada ya saa 48. Zungusha mpangilio kila unaporudia, kwani vidukari huvutwa na mwanga na upande wa dirisha huwadanganya. Ukipata wenye mabawa ni bora zaidi, kwa kuwa wao ndio wanaoleta uvamizi shambani.

Mbegu inayokataliwa hapa lakini ikatoa kasi ya juu pale kwenye Hatua ya 5 iwe na alama ya tahadhari. Ikipandwa peke yake eneo lote, mdudu hatakuwa na chaguo lingine na huenda akaizoea.

Tahadhari kubwa zaidi ni magonjwa ya virusi. Vipo virusi ambavyo kidukari huvipata na kuviambukiza kwa kuonja tu, kwa sekunde chache. Mmea unaomfanya aonje, achukie na kurukia mwingine unaweza kusambaza virusi vya namna hiyo kwa haraka kuliko mmea unaomtuliza. Kasi ya kuzaliana ikishuka, usiahidi kwamba ugonjwa nao utashuka. Pima ugonjwa peke yake.

Hatua ya 7: Uvumilivu

Hii ni fupi. Kwa kila mbegu weka mimea yenye vidukari na mimea safi, pima mavuno au uzito mkavu, tafuta hasara kwa asilimia. Lazima mimea iliyoshambuliwa ya mbegu zote ibebe idadi ya vidukari inayokaribiana, kwa kuwapunguza pale wanapozidi. La sivyo utaita uvumilivu kile ambacho ni uchache wa wadudu.

Hatua ya 8: Toka nje, shambani

Panda mbegu zako katika vitalu vilivyorudiwa angalau mara nne, vipana kadiri iwezekanavyo. Kitalu cha mistari miwili kikikaa kando ya mbegu dhaifu kitamwagiwa vidukari wa jirani kila siku. Chagua mimea 20 kwa kila kitalu ukitembea kwa zigizaga, usiokote ile inayokuita kwa uchafu wake. Hesabu kila siku 7, ukitazama chini ya majani, vikonyo na vichipukizi.

Kujumlisha msimu mzima tumia "siku-vidukari". Kama wiki hii wastani ni 40 kwa mmea na ijayo ni 100, wastani wa hizo mbili ni 70, zidisha kwa siku 7: 490. Jumlisha vipande hivyo vyote hadi mwisho wa msimu. Namba hiyo huelezea mateso ya mmea vizuri kuliko kilele cha siku moja.

Halafu fanya jambo moja la ziada ambalo lina faida kubwa: funika baadhi ya mimea ya kila mbegu kwa neti ili wadudu rafiki wasifike, na iache mingine wazi. Wadudu rafiki ni wale mbawakavu wa mviringo wenye madoadoa pamoja na tunutu wao, funza wa nzi wa maua, na nyigu wadogo sana wanaotaga ndani ya kidukari hadi akavimba na kuwa ganda la rangi ya dhahabu. Tofauti kati ya ndani na nje ya neti ni kazi yao.

Rudi kwenye mfano wetu. Tuseme wadudu rafiki wanaondoa robo ya vidukari kila siku. Hiyo ni kasi hasi ya 0.288. Kwenye mbegu dhaifu, 0.375 ukitoa 0.288 inabaki 0.087: idadi bado inapanda, maradufu kila siku 8. Kwenye mbegu kinzani, 0.246 ukitoa 0.288 ni chini ya sifuri. Idadi inashuka. Vidukari 10 baada ya siku 21 wanakuwa kama 62 upande mmoja, na kama 4 upande wa pili. Mbegu yenye ukinzani wa kiasi, ambayo peke yake isingeokoa shamba, pamoja na wadudu rafiki imelivusha. Ndiyo maana huwa naumia kuona mbegu ya namna hii ikifutwa kwenye orodha baada ya jaribio la ndani ya neti tu, au ikipandwa na kupulizwa dawa ya kuua kila kiumbe.

Mfano huo umechukulia kwamba wadudu rafiki wanakula kiwango kilekile kote. Vinyweleo vyenye gundi huwanasa nao, na vidukari wakiwa haba sana rafiki huenda kutafuta chakula kwingine. Ndiyo sababu ya kupima kwa neti badala ya kuamini hesabu ya karatasini.

Hatua ya 9: Geuza kasi kuwa uamuzi wa kupuliza

Soya inatoa mfano mzuri. Kidukari wa soya aligunduliwa Amerika Kaskazini mwaka 2000, na wataalamu wa huko walifikia kizingiti cha kupuliza cha vidukari 250 kwa mmea, idadi ikiwa inapanda na mimea zaidi ya 80% ikiwa na wadudu. Kiwango ambacho hasara inalingana na gharama ya dawa kilikadiriwa kuwa kama 674. Nafasi kati ya 250 na 674 ni muda wa mkulima kujipanga. Muda huo ni mrefu kiasi gani? Inategemea kasi. Maradufu ikija kila siku 7, ana kama siku 10. Ikija kila siku 3, ana siku 4 tu. Mbegu kinzani ikiisukuma hadi siku 14, ana siku 20, na katika siku 20 mvua, kuvu na wadudu rafiki huweza kumaliza kazi.

Kwa hiyo kizingiti kilichopimwa kwa mbegu dhaifu kisihamishiwe kwa mbegu kinzani bila kufikiri. Ukifika kizingiti kwenye mbegu inayodumaza, hesabu tena baada ya siku 3 au 4, kokotoa r ya shambani, ndipo uamue. Na usitumie r ya ndani kama utabiri wa nje: kidukari wa soya kwenye joto la nyuzi 25 ndani huzidi maradufu kwa siku 1.5, ilhali shambani wastani uliotumika kuweka kizingiti ni karibu siku 7. Kipimo cha ndani ni cha kupanga mbegu kwa daraja.

Hatua ya 10: Linda ukinzani usivunjwe

Ukinzani mwingine hudumu sana. Mwaka 1831 Uingereza iliripotiwa kwamba tofaa la Winter Majetin halishambuliwi na kidukari manyoya, na ukinzani wa miti ya tofaa umeendelea kutumiwa kwenye mashina ya chini ya kupandikizia. Mwingine huvunjika upesi. Colorado, Marekani, ilitoa ngano ya Halt mwaka 1994, ikiwa na jeni ya Dn4 dhidi ya kidukari wa ngano wa Urusi. Mwaka 2003 ukoo mpya wa kidukari huyo, wenye uwezo wa kuidhuru, ulionekana hukohuko. Kwenye soya, ukoo unaoishi vizuri juu ya jeni ya Rag1 ulipatikana Ohio hata kabla ya mbegu zenye jeni hiyo kuenea mashambani.

Kidukari anayezaa bila dume ana faida hapa: mmoja akipata uwezo wa kuishi kwenye mbegu yako, watoto wake wote wanaurithi, bila kuchanganywa. Kadiri mbegu inavyowaua wote wasio na uwezo huo, ndivyo inavyomwachia yeye shamba zima. Kwa hiyo jeni moja kali isipandwe peke yake eneo lote. Changanya jeni mbili katika mbegu moja ikiwezekana, kama ilivyofanyika kwa Rag1 na Rag2, acha sehemu yenye mbegu dhaifu, na thamini mbegu zenye ukinzani wa kiasi unaotokana na jeni nyingi.

Kila msimu okota vidukari kutoka kwenye mche wa mbegu kinzani uliobeba wengi kuliko wenzake, uwafuge vizazi viwili kwenye mbegu ya pembeni, kisha urudie Hatua ya 4 na ya 5 kwa wale walinzi wako wawili. Kama r kwenye mlinzi kinzani imepanda kukaribia ya mlinzi dhaifu, na joto na mbolea havikubadilika, umempata mdudu mpya. Hifadhi ukoo huo peke yake, andika tarehe na mmea aliotoka, na upime mbegu zako zote upya juu yake kabla ya msimu unaofuata.